Chumba cha Nukta Nundu

Tulimzika Mwalimu Gwakisa kule Masukulu, juma ambalo mvua haikutoa nafasi hata ya kuanika kanga. Nilifika nimechelewa kutoka Mbeya, nikakaa na akina mama migombani, juu ya majani makavu yaliyotandikwa chini. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mwenye koti jeusi la heshima, fimbo nyeupe ameilaza mapajani. Nilimsalimia kwa kunong'ona, na kabla sijamaliza salamu akanishika mkono. "Sekela," akasema, "sauti yako haijazeeka." Alikuwa Atupele. Nilipomfahamu alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba asiyeona, mwenye ulimi mkali kuliko umri wake. Siku hizi ni hakimu, na pale msibani watu walimpisha njia kwa adabu ileile wanayompa mahakamani. Tulikaa tumeshikana mikono mpaka maziko yakaisha. Wasemaji walimsifu marehemu kwa imani, kwa kulea watoto wa wenzake, na kwa uvumilivu. Kila neno uvumilivu liliposemwa Atupele alinibana kidole, nami nikajua anajizuia kucheka. Mwalimu Gwakisa hakuwa mvumilivu hata kidogo, na kama angekuwa mvumilivu mwaka ule, yeye Atupele asingekuwa hakimu, wala mimi nisingekuwa hivi nilivyo. Ndiyo sababu nimeamua kuuandika mwaka wenyewe, kabla na sisi hatujaanza kusifiwa kwa mambo ambayo hatukuwa nayo.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimeanza kuuzwa na kila mtu ameanza kuuza. Tukuyu mjini mitumba ilikuwa imefika hadi mlangoni pa posta, redio zilikuwa nyingi kuliko masikio ya kuzisikiliza, na mashirika tuliyoyazoea yalikuwa yakibadilisha wenyewe kila baada ya mavuno. Mbeya kulikuwa na maduka ya kompyuta zilizokwishatumiwa Ulaya, zimepangwa sakafuni mithili ya mafungu ya viazi. Nilikuwa na cheti cha kompyuta nilichokipata hukohuko Mbeya, na nilikuwa na imani kubwa na cheti hicho. Shule ya msingi ya bweni iliyokuwa pembeni mwa mji, iliyowachanganya watoto wanaoona na wasioona, ilikuwa inatafuta mtu wa kuchapa vitabu. Nikaenda na gauni langu la kanisani, nikamkuta mkuu wa shule, mtu wa Kagera aliyehamishiwa kwetu na ambaye kwa baridi ya Tukuyu hakuwa amevua koti tangu afike. Alinitazama akasema kazi ni yangu, ila nikubaliwe kwanza na mwenye chumba.

Mwenye chumba alikuwa Mwalimu Gwakisa. Hakuwa amepata kuona tangu utotoni. Alikuwa mrefu, ndevu zake zilinyolewa vizuri kuliko za wanaume wengi wenye macho na vioo, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kama nina desturi ya kusogeza viti bila kusema. Nikamwambia sina. Akasema tutaona. Chumba chake kilipakana na jiko la shule, ukuta kwa ukuta, na haikuwa bahati mbaya. Maandishi ya wasioona ni nukta zinazoinuliwa juu ya karatasi ngumu ili kidole kizisome, na karatasi ile ikinyonya unyevu wa Tukuyu huwa laini, nukta zikalala, na kitabu kizima kikageuka karatasi tupu mikononi mwa mtoto. Hivyo karatasi ziliegemezwa kwenye ukuta wa jiko, zikapata joto la kuni. Sisi nasi tulipata joto hilo, pamoja na moshi, harufu ya maharage, na mazungumzo yote ya Mama Bupe, mpishi mkuu, ambaye hakuamini kwamba ukuta una faida yoyote zaidi ya kutundikia sufuria.

Katikati ya chumba palikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, pana kama meza ya cherehani, na ilipofanya kazi ilipiga kelele ya watu wengi wanaogonga mabati. Pembeni yake palikuwa na kompyuta ya zamani waliyoiacha wazungu wa misheni. Ndani yake mlikuwa na programu iliyotengenezwa na mtu tusiyemjua, mtu aliyekijua Kiswahili chetu na jinsi ng' na dh zetu zinavyoandikwa kwa nukta. Nilichapa maneno, programu ikayageuza nukta, mashine ikagonga. Kuiwasha na kuiendesha kompyuta ile, hata hivyo, haikuwa kazi yangu. Mwalimu aliiwasha mwenyewe, akainamisha kichwa, akasikiliza diski ikikwaruza na feni ikivuma, na kwa mlio tu alijua imefika wapi. Nilipojaribu kumsaidia siku ya kwanza aliniambia nikachape.

Basi mwezi wa masika radi ikapiga wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa tunakula mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, Mama Bupe ametupimia pale mezani kwetu maana Mwalimu hakupenda kuacha chumba. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kisha harufu ya waya ulioungua. Mwalimu akaweka sahani chini, akasogea mpaka kwenye kompyuta, akaigusa mgongoni na kubaki ameiwekea kiganja mpaka mbalaga zikapoa. Mashine ya kuchapa ilipona. Kompyuta haikuwaka tena.

Miezi michache mbele yetu palikuwa na mtihani wa darasa la saba. Vitabu vya sayansi vya wasioona vilikuwa bado nusu, na Atupele, aliyekuwa anaongoza darasa zima pamoja na wanaoona, alikuwa anasomewa na rafiki zake wakati wa kufua. Mkuu wa shule alifanya alichoweza. Marafiki wa kanisa wakatuletea kompyuta mpya, mpya kwetu, kutoka kwenye duka la kijana mmoja wa Mbeya aitwaye Ipyana, ambaye aliileta mwenyewe kwenye pikapu yake ikiwa imefungwa blanketi. Tukaweka programu yetu ya nukta nundu ndani. Ikawaka, ikaanguka. Tukaweka tena, ikaanguka tena. Ipyana alikaa nayo mchana kutwa, shati limetoka, kisha akatueleza kwa upole. Programu yetu ilipoanza ilikuwa na tabia ya kwanza kupima kasi ya kompyuta, na hii mpya ilikuwa na kasi ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuiwaza, hivyo hesabu ziliishinda ikajizima. "Hii programu imekufa, dada," akaniambia. "Mnunue nyingine." Nikamuuliza iko nyingine inayojua Kiswahili? Akachomeka shati, akaanza kukusanya waya zake.

Hapo ndipo mkuu wa shule alipotuita ofisini, akavuta kola ya koti lake, akasema ofisi ya wilaya imeuliza habari za mashine. Kama haifanyi kazi, kuna shule nyingine, mbali, inayoihitaji, na baada ya likizo ya katikati ya mwaka wangekuja kuichukua. Mwalimu Gwakisa alimuuliza watoto wataenda na mashine? Mkuu alisema hapana. Mwalimu akatoka bila kuaga. Nilimfuata, na huko nje kwenye ukungu akaniuliza kile cheti changu kilinifundisha kitu gani hasa.

Swali lile lilinichoma, lakini halikunivunja. Nilikuwa na umri ambao mtu akiulizwa swali la dharau hulichukua kama agizo. Nilipanda gari hadi Mbeya, nikamkuta Ipyana dukani, nikamwambia nataka kompyuta ya polepole. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kuna programu zinazoigiza kompyuta. Unawasha moja ndani ya kompyuta yako ya kweli, nayo inajifanya kompyuta kamili: ina diski yake, kumbukumbu yake, tundu lake la mashine ya kuchapa, na kasi yake unaipanga wewe, hata ya kobe. Mfumo unaowekwa ndani yake haujui kwamba umedanganywa. Alikuwa nayo kwenye sidii, hajaitumia kwa lolote la maana. Akanipa, na wiki iliyofuata akaja mwenyewe Tukuyu kuichomoa diski ya ile kompyuta iliyoungua, ambayo ilikuwa nzima, na kuinakili yote kuanzia mwanzo wake hadi mwisho iwe faili moja kubwa ndani ya kompyuta mpya. "Mwili umekufa," akasema, "roho tunaihamisha." Mwalimu akamwambia roho aiachie mchungaji, yeye aangalie waya.

Nilidhani kazi imekwisha. Niliipangia kompyuta ya kuigiza kasi ndogo, nikaionyesha faili ya diski, nikaiwasha. Ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza wenye maana kwamba hakuna mfumo wa kuendeshea. Nikabadilisha hiki na kile. Mstari uleule. Siku zikapita nikiuona mstari ule asubuhi na jioni, na upande wa pili wa ukuta nikimsikia Mama Bupe akiwaambia wenzake wa jikoni. Yeye ni mama wa kule Nkunga, Kiswahili chake kimelelewa na Kinyakyusa, na kila z kinywani mwake hutoka s. Alisema mashine itaondoka, na yule binti wa kompyuta ataondoka nayo, maana atabaki kufanya kasi gani. Aliyatamka kwa huruma kabisa. Kisha akagonga mlango akaniletea kikombe cha maziwa ya mgando, akasema nile kwansa.

Niliupata ufumbuzi kwenye bwalo la chakula, nami sioni haya kusema niliupata kwa sababu nilikuwa macho. Siku ile walikuwa wamepaka chokaa, na meza na mabenchi vikarudishwa kwa mpangilio mwingine, yaliyokuwa yamelazwa kwa urefu wa bwalo sasa yamelazwa kwa upana. Kengele ikalia, Atupele akaingia kwa mwendo wake wa siku zote, haraka, na akaenda moja kwa moja kujigonga kwenye benchi. Msichana mmoja akamshika mkono amwelekeze, akimpa pole kwa kupotea. Atupele akautoa mkono. "Mimi sijapotea," akasema. "Nimekuja palepale. Nyie ndio mmehamisha."

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Ule mstari wa Kiingereza, nikajiuliza, nani anausema? Diski ikiwa tupu hakuna wa kusema neno. Mwanzoni kabisa mwa kila diski ya kuwashia kuna programu ndogo mno, mafundi wanaiita butiloda, ambayo kazi yake ni moja tu: kompyuta ikipata umeme, yeye huamka wa kwanza, huenda mahali alipoambiwa, humwamsha mfumo wenyewe. Ni yeye aliyekuwa akinijibu siku zote zile. Alikuwa mzima. Alikwenda palepale alipoambiwa aende, akakuta hakuna kitu, akasema hakuna. Diski za zamani zilihesabiwa kama jengo, zina ghorofa, korido na vyumba, na kompyuta yangu ya kuigiza ilikuwa imekisia hesabu ya jengo kwa namna yake. Butiloda alihesabu korido za zamani ndani ya jengo lililopangwa upya.

Niliacha chakula. Hesabu za kweli huandikwa na diski yenyewe pale mwanzoni mwake, ukiwa na programu ya kuzisomea, na Ipyana alikuwa ameniwekea. Nikazisoma, nikafungua mipangilio ya kompyuta ya kuigiza, nikafuta makisio yake, nikaandika zile za kweli. Nikaiwasha. Butiloda hakusema kitu. Mistari ya zamani ikaanza kupanda kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa mwendo uleule wa kompyuta ya misheni, na mwisho programu ya nukta nundu ikafunguka na kunisubiri. Nikachapa aya moja kutoka kitabu cha sayansi. Mashine ikagonga, na jikoni sufuria likadondoka.

Mwalimu Gwakisa alifika kabla karatasi haijatoka yote. Hakuigusa. Alituma aitwe Atupele, kwa kuwa kitabu, alisema, ni cha anayekingoja. Atupele akaipokea karatasi ingali na joto, akaiweka kwenye paja, vidole vikaanza kwenda. Alisoma kwa sauti kwamba maji ya mvua yanapopita kwenye udongo wa kichanga hushuka upesi kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi. Akarudi nyuma kidogo, akasugua mahali pamoja. "Hapa umeandika udogo," akaniambia. "Panatakiwa udongo." Nikatazama kioo. Ilikuwa kweli. Mwalimu ndipo alipotabasamu, kwa mara ya kwanza tangu radi, na kuniambia nirekebishe.

Watu wengi wangeishia hapo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuishia hapo. Lakini asubuhi moja mvua ilinizuia njiani, nikafika saa za vipindi, nikamkuta Mwalimu amekaa mbele ya kompyuta iliyokwisha kuwashwa, mikono magotini, na watoto wamesimama na karatasi zao mlangoni. Hakukuwa kumetokea hitilafu yoyote. Kompyuta mpya ilipowaka ilileta kwanza orodha kwenye kioo, kwamba uchague mfumo upi, kisha ndani ya kompyuta ya kuigiza ikaja orodha nyingine. Mimi nilichagua kwa kutazama, bila hata kufikiri. Yeye hakuwa na cha kusikia. Kompyuta ya kuigiza haina diski ya kukwaruza wala feni ya kuvuma, ilikuwa kimya kama jiwe. Nilimwomba radhi, nikamwambia ni suala la kubonyeza kitufe tu, ningemfundisha.

"Sekela," akasema, "umefanya kazi kubwa na ninakushukuru. Lakini ile kompyuta ya kwanza niliifungua mwenyewe. Hii umeniwekea mlango ambao kila asubuhi lazima nimwite mwenye macho aje anifungulie. Mimi ni mwalimu wa watoto hawa. Wakiniona nasubiri kufunguliwa, nitawafundisha nini?"

Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku ile, wengine wenye ofisi zenye mazulia, na hakuna aliyewahi kunipa maelekezo ya kazi yaliyo wazi hivyo. Nililitumia juma lote lililofuata kwenye butiloda, ya nje na ya ndani. Niliondoa orodha zote mbili. Niliiandikia ile ya nje isimsubiri mtu, ichague yenyewe na kuendelea. Ipyana nilipompigia simu kutoka posta alinionya kwamba siku jambo likiharibika bila orodha nitajifungia nje, kwa hiyo nikaacha siri ya wazi: ukishikilia kitufe kimoja wakati wa kuwasha, orodha inarudi. Halafu nikaifundisha kusema. Butiloda ya ndani ikiamka, mlio mmoja. Programu ikiwa tayari, miwili. Karatasi ikiisha, mlio mzito wa chini. Mwalimu alinirudisha mara nyingi, mlio huu mrefu, ule unafanana na kengele ya baiskeli, huu unachelewa. Tulibishana mpaka Mama Bupe akauliza ukutani kama tumeoana.

Maofisa walikuja baada ya likizo na gari la kubebea mashine. Mkuu wa shule aliwaleta chumbani, akatueleza walichofuata kwa uso wa mtu aliyekwisha kushindwa. Mwalimu Gwakisa aliwakaribisha, akawaomba wasikae kwenye karatasi. Kisha akaniomba niuchomoe waya wa kioo. Nilifikiri sikusikia vizuri. Akarudia. Nikauchomoa, kioo kikawa cheusi, maofisa wakatazamana. Akaiwasha kompyuta, akainamisha kichwa. Tulisubiri sote. Mlio mmoja. Tukasubiri tena, na hapa nakiri niliogopa, si kwa kutoiamini kazi yangu bali kwa kujua jinsi umeme wa Tukuyu ulivyo. Milio miwili. Mwalimu akaandika kwa vidole vyake mwenyewe, mashine ikaanza kugonga kiasi kwamba ofisa mmoja alirudi nyuma, na karatasi ilipotoka akampa mkubwa wao. Yule akaishika, akaigeuza huku na huku, akasema hawezi kuisoma. Mwalimu akamjibu kwamba anajua, ndiyo maana kila asiyeweza huhitaji wa kumsomea, na si jambo la aibu. Akamwita Atupele aisome. Yalikuwa maneno ya kuwakaribisha chai. Walikunywa chai, wakala viazi vya kuchemsha vya Mama Bupe, wakaondoka na gari tupu. Ofisa yule mkubwa, kabla hajapanda, alirudi akamwomba mkuu ile karatasi abaki nayo.

Vitabu vilikamilika kabla ya mtihani. Atupele alifaulu, akaenda sekondari, na mengine ameyaeleza mwenyewe kwenye hukumu zake. Mimi Ipyana aliniita Mbeya. Ofisi nyingi, aliniambia, zilikuwa na programu za zamani zilizobaki bila kompyuta, na hakuna aliyejua kuziamsha ila mimi. Nilimjibu kwamba najua. Niliaga shule mwishoni mwa mwaka, ukungu umekaa chini mpaka majani ya chai upande wa pili wa barabara hayaonekani. Pikapu ilisubiri getini. Mkuu wa shule alinipa mkono, watoto wakaimba, Mama Bupe akanifungia ndizi za njiani kwenye jani. Mwalimu Gwakisa hakuwepo. Mama Bupe akakereka, akaniambia ngoja nikamwite, mtu gani haagi. Akapotelea kwenye ukungu kuelekea chumbani. Alirudi peke yake, anajifuta mikono kwenye kitenge, hajui kama acheke au aombe radhi kwa niaba yake.

"Anasema usimngoje," akaniambia. "Anasema yuko kasini."